Zizi, Shule na Duara

Nchi iliyo kusini ya Ziwa Viktoria, kutoka Shinyanga hata Geita, ina njia tatu ambazo kwazo kijana huingia katika utu uzima. Ya kwanza ni zizi la ng'ombe pamoja na moto wa jioni ambao Wasukuma huuita shikome. Ya pili ni shule ya ubao na daftari. Ya tatu ni duara, yaani shimo ambalo mchimbaji mdogo hushuka kutafuta dhahabu. Kila moja ina watu wanaoisifu na watu wanaoilaani, na aghalabu msifu na mlaani hukaa katika nyumba moja. Baba hutaka mtoto achunge, mama hutaka asome, na mtoto mwenyewe amekwisha kusikia habari ya rashi mpya ya dhahabu, akaanza kuhesabu nauli.

Mabishano juu ya jambo hili yana kasoro ya zamani. Shule huitwa elimu, na zile njia mbili nyingine huitwa maisha tu, kana kwamba mtu anaweza kuishi miaka kumi porini au chini ya ardhi asijifunze kitu. Mizani ikiwekwa hivyo, hukumu imetolewa kabla ya kupima. Ni haki zaidi kuzihesabu zote tatu kuwa shule, kisha kuiuliza kila moja maswali yale yale: inafundisha nini, inamfundisha nani, na inamtendea nini mwanafunzi anapokosea. Swali hili la tatu husahauliwa sana, walakini ndilo zito kuliko yote, maana hakuna ajifunzaye bila ya kukosea. Wahenga walilijua waliposema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maneno hayo yanafariji, lakini ni kweli pale tu ambapo mhunzi anaweza kupata koleo jingine.

Waandishi wawili wa Ukerewe, kisiwa kilicho jirani, wamelishika swali hilo kwa nguvu kuliko taarifa nyingi za serikali. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa katika seminari ya Rubya, alimaliza mwaka 1945 hadithi kubwa kwa lugha ya Kikerewe juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mke hana mtoto, ndugu za mume wanamsimanga, na wazazi wake wanamchukua warudi naye kwao. Hapo ndipo hadithi inapoanza hasa. Mume hapewi talaka wala hafukuzwi. Anaambiwa kosa la nyumba yake, anatozwa pombe ya ndizi, na majirani wanamsaidia kuipika. Mke anarudi. Msomaji anaona jinsi jamii nzima inavyolibeba kosa la mtu mmoja mpaka lipate kulipika. Kosa moja haliachi mke, husema methali. Kitereza ameeleza kazi yote inayofanywa ili methali hiyo iwe kweli.

Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944, aliandika juu ya watoto wa nchi ile ile baada ya shule na fedha kuingia. Katika Kichwamaji, kitabu cha mwaka 1974, Kazimoto amefika chuo kikuu, na elimu yake haimwezeshi kuzika kisasi chake wala kustahimili msiba wake, anajiua. Katika Dunia Uwanja wa Fujo, kilichotoka mwaka 1975, Tumaini anarithi mali, anaitapanya mjini Mwanza, kisha anakwenda Shinyanga kuanza upya. Shinyanga inampokea. Anakuwa mkulima mkubwa, na kwa muda msomaji hudhani kwamba huyu amepata njia ya kurudi. Lakini siasa ya ujamaa inapofika kwenye shamba lake hana aliyemfundisha kupoteza. Anamwua kiongozi, na mwisho wake ni hukumu ya kifo.

Wahakiki wengi wameyasoma maisha ya Tumaini kama habari ya ubepari na ujamaa. Usomaji huo una haki yake, ila unaacha jambo moja. Tumaini amepita katika shule za kila namna, na kila mahali amefundishwa namna ya kupata. Hakuna alipofundishwa nini kifanywe baada ya kukosa. Myombekere, ambaye hajaona daftari maisha yake yote, amefundishwa hilo tangu utoto. Yamkini Kitereza aliipamba jamii ya kale kwa kuwa aliona inatoweka, na yamkini Kezilahabi aliifanya dunia yake kuwa na giza kupita kiasi kwa kuwa msiba ndio uliokuwa ufundi wake. Riwaya haithibitishi jambo kama hesabu inavyothibitisha. Hata hivyo, kati ya vitabu vyao msomaji hupata kipimo, na kipimo hicho chafaa kuletwa katika zizi, shule na duara kama zilivyo.

Zizi hufundisha kwanza kuona. Mchungaji mdogo huwajua ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja kwa rangi, pembe na tabia. Huyajua majani yanayonenepesha na yanayoua, na hujua mahali ambapo maji hukawia kukauka. Akipoteza ndama hupigwa, na pengine hulala njaa. Lakini kesho hupelekwa malishoni tena pamoja na mwenzake mkubwa, kwa sababu ng'ombe hawawezi kukaa zizini na hakuna wa kuwachunga ila yeye. Jioni, penye shikome, kosa lake husimuliwa mbele ya wazee. Huchekwa, huonywa, kisha husikia habari ya mzee fulani ambaye katika ujana wake alipoteza kundi zima. Zizi halina mtihani wa kumfukuza mtu. Wazee wa ngoma nao hufanya kazi ya namna hii: Bagika na Bagalu hushindana mwaka hata mwaka, na aliyeshindwa mwaka huu hutengeneza ngoma na dawa zake kwa ajili ya mwaka ujao.

Ushahidi mkubwa wa elimu hii uko katika ardhi yenyewe. Tangu miaka ya 1920 pori la Shinyanga lilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, na mji huo ukawa makao ya uchunguzi wa wadudu hao chini ya Charles Swynnerton. Pamba ikafuata, mifugo ikazidi, kisha katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini, nao waliacha mbali malisho waliyokuwa wakiyatunza. Nchi ikabaki tupu, upepo ukabeba udongo. Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa jina la HASHI. Hapo mabwana misitu walijifunza kwamba dawa ilikuwapo kabla yao, nayo ni ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa katika kiangazi kikali, kwa amri ya mwenye mji au ya kijiji. Visiki vilivyodhaniwa kufa vilichipua vilipoachwa. Kufika mwanzo wa karne hii ngitili zilizorudishwa zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Wenye vyeti walikosea, na elimu ya wasio na vyeti ilikuwa na njia ya kuwarudisha.

Walakini zizi lisisifiwe kupita haki yake. Njia yake ya kurudi ni pana kwa mtoto wa kiume mwenye baba na ng'ombe. Kwa msichana ni nyembamba, maana yeye mara nyingi amehesabiwa kwa mahari kabla ya kuulizwa, naye huolewa katika umri ambao wenzake wa mahali pengine wangali darasani. Kwa kikongwe imekuwa hakuna kabisa. Wanawake wazee wa Shinyanga na wa mikoa jirani wameuawa kwa panga kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu huo waliupata kwa kupika miaka hamsini juu ya moshi wa kuni na samadi. Hao hawakupewa nafasi ya kulipa pombe. Shikome lile lile linalomsamehe mchungaji ndilo linaloweza kuamini neno la mganga bila ya kuuliza ushahidi. Elimu inayotegemea heshima ya mzee hukosa mtu wa kumwambia mzee kwamba amekosea.

Hapa ndipo shule inapoonyesha thamani yake. Shule hufundisha kuuliza ushahidi. Hufundisha kwamba maandishi yanaweza kusomwa na mdogo na mkubwa sawasawa. Wakulima wa pamba wa Usukuma walilijua jambo hili kwa uchungu. Mbele ya mizani ya mnunuzi, asiyejua kusoma alikuwa hana hoja. Vyama vya ushirika vilivyokua katika miaka ya 1950 chini ya uongozi wa Paul Bomani, na kuunganishwa mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions, vilianza na haja hiyo ya kuwa na mtu wa upande wa mkulima awezaye kuisoma mizani. Kidaha Makwaia naye, mtemi wa Usiha katika Shinyanga, alisoma Makerere na Oxford, na mwaka 1945 akawa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Shule ilimpa kijana wa zizi sauti mahali ambapo zizi lisingefika.

Lakini shule ilijengwa kama chekeche, na chekeche haiulizi pumba zinakwenda wapi. Julius Nyerere alilisema jambo hili waziwazi katika kijitabu chake Elimu ya Kujitegemea cha Machi 1967. Wakati huo watoto kama 13 katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi ndio waliopata nafasi ya sekondari. Waliobaki walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa, ingawa walikuwa ndio karibu watoto wote. Nyerere alitaka shule ya msingi iwe elimu kamili yenyewe, isiwe matayarisho ya mtihani tu. Uchunguzi wake haujapitwa na wakati. Dawa yake ilikuwa na upungufu, kwa kuwa ilidhani kijana anayetoka shuleni ataikuta jembe na kijiji vikimngoja. Katika nchi hii hakukuwa na jembe na kijiji tu. Palikuwa na almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, na palikuwa na dhahabu ya Geita. Kijana aliyeambiwa kwamba ameshindwa hakungoja kufundishwa fadhila za kulima. Alikwenda mahali ambapo hakuna aliyemwuliza matokeo yake.

Tangu wakati huo chekeche limepanuliwa. Ada ya shule ya msingi iliondolewa tangu mwaka 2001, na ya sekondari ya chini mwaka 2016. Madarasa yamejaa, na hiyo ni heri. Lakini mlango wa kuingilia umepanuliwa haraka kuliko wa kurudia. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa, na ruhusa ya kurudi shuleni baada ya kujifungua ilitolewa na serikali mwezi Novemba 2021 tu. Ni jambo la kufikirisha kwamba Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971 na kueleza kuanguka kwa msichana mwenye akili aliyelelewa kwa ukali bila ya kuelezwa lolote, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Shule ilikataa hata kusoma habari ya kosa, licha ya kumpokea aliyelitenda.

Basi duara humpokea kila mtu. Mgodi mkubwa wa zamani wa Geita, uliochimbwa tangu miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966, na wachimbaji wadogo wakaendelea Nyarugusu, Mgusu, Rwamagasa na kwingineko. Mgodi mpya wa kampuni ulipofunguliwa mwaka 2000, nchi moja ikawa na malango mawili: moja lenye walinzi, ambamo fundi huingia kwa cheti chake, na jingine lisilo na uzio, ambamo mtu huingia kwa mikono yake. Katika hili la pili zipo daraja na adabu zake. Yupo mwenye leseni, yupo mwenye duara aliyetoa fedha za chakula na matimba, na wapo wachimbaji ambao hulipwa kwa kugawiwa mifuko ya mawe. Mtu hujifunza kuusoma mwamba, kusikia sauti ya dari linalotaka kushuka, kukadiria dhahabu kabla ya jiwe kufika kwenye karasha. Wanawake huponda, huosha na kuuza chakula. Hata magwangala, yaani mawe ambayo kampuni imeyatupa, huwa somo kwa ajuaye kuchagua. Kijana aliyekuwa wa mwisho darasani huenda akawa mwenye duara, akanunua ng'ombe, akajenga nyumba ya bati kwa mama yake. Anayelidharau jambo hilo hajakaa na njaa.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na duara ndilo ulimwengu katika sura yake tupu. Lina usawa ambao shule haina, na linatoa malipo ambayo zizi haliwezi. Hata soko la madini lililofunguliwa Geita mwaka 2019 limempa mchimbaji mahali pa kupimiwa dhahabu yake mbele ya macho ya serikali, na hapo swali la zamani la mizani ya pamba likapata jibu la pili. Lakini liulizwe lile swali la tatu. Linamtendea nini anayekosea? Matimba yakiwekwa vibaya, hakuna mzee atakayesimulia kosa hilo jioni kwa kicheko. Zebaki ni ya hila zaidi. Mchimbaji huishika kwa mikono ili ikusanye chembe za dhahabu, kisha huichoma, na moshi wake huingia mwilini kimya, ukidhuru mishipa ya fahamu polepole, ukimdhuru zaidi mtoto na mama mwenye mimba. Zizini mtoto hupigwa siku ile ile aliyokosea, naye hujua sababu. Mwaloni anaweza kukosea miaka kumi akiona kwamba anafaulu. Taarifa ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilionyesha watoto wakifanya kazi hizo katika migodi midogo ya Tanzania, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari namna hiyo. Sheria ni njema. Hata hivyo, mtoto anayetolewa duarani lazima apelekwe mahali, na hapo mjadala hurudi tena shuleni.

Kwa kipimo hiki, zizi husamehe wengi na kuwasahau wanyonge wake. Shule huwatetea wanyonge kwa maandishi na kuwatupa wanaochelewa. Duara huwapokea waliotupwa na kosa lao huwaua. Hakuna moja inayostahili kusifiwa peke yake. Wapo watakaosema kwamba njia ya kurudi huzaa uzembe, na kwamba mtoto ajuaye kuwa atapokewa hatajitahidi. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini Myombekere hakurudishiwa mke bure. Alipika pombe, akaaibika, akalipa. Mchungaji hapewi kundi tena kabla ya kulitafuta pori zima. Kurudi kwenye thamani huwa na bei, na bei hiyo yenyewe ni somo. Uzembe huzaliwa zaidi pale ambapo mtu anajua kwamba hata akijitahidi mlango umekwisha kufungwa.

Kwa hiyo haitoshi kuhesabu madarasa mangapi yamejengwa, wala kilo ngapi za dhahabu zimeuzwa. Yafaa kuhesabu ni vijana wangapi wamevuka kutoka njia moja kwenda nyingine na kurudi: wangapi wametoka duarani wakaingia katika madarasa ya MEMKWA, yaliyowekwa kwa ajili ya waliokosa elimu ya msingi kwa wakati wake, mama wangapi wa miaka kumi na saba wamerudi kidato cha pili wakiwa wamemwacha mtoto kwa bibi, na walimu wangapi wamemwalika mzee wa ngitili afundishe darasani, kama vile mabwana misitu walivyolazimika kumwuliza. Vilevile yafaa kuhesabu wachimbaji wangapi wamefundishwa na mwalimu anayeijua kemia habari ya zebaki, penye moto wao wa jioni kambini, kwa lugha ya shikome.

Kitereza alikuwa mtu wa kuvuka namna hiyo. Seminari ilimpa kalamu, naye aliitumia kuandika yale ambayo moto wa wazee ulimpa. Wachapaji hawakumtaka, na mswada wake ulikaa miaka 35. Aliufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ukachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, na mwaka 1981 akafariki. Katika Geita na Shinyanga wapo vijana wenye mswada wa namna hiyo kichwani, wengine nyuma ya ng'ombe, wengine chini ya ardhi. Miaka 35 ni mingi mno kumngojesha mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kushuka shimoni.